Weupe wa Liki Unatoka Wapi, na Miche Yake Inatoka Wapi

Anayepanda liki kwenye ploti yake ya futi hamsini kwa mia pale Kiamunyi au Lanet, viungani mwa Nakuru, huwa na malalamiko mawili. La kwanza, liki zimekaa shambani miezi mitano na bado zina unene wa kidole, kijani kuanzia juu hadi karibu na mizizi, ilhali za sokoni zina weupe wa shibiri nzima. La pili, pakiti ya mbegu imekwisha na hakuna hata mmea mmoja uliotoa mbegu ya msimu ujao. Lawama hupelekwa dukani kwa muuza pembejeo, kwamba ameuza mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja: tumeichukulia liki kama kitunguu kilichokataa kuweka kichwa.

Ni ndugu, hilo halina ubishi. Liki, kitunguu maji na kitunguu saumu wote ni wa jamii ya Allium, na wadudu wao ni wale wale. Tabia ndiyo tofauti. Kitunguu maji huweka akiba ya chakula chini, na husubiri urefu wa mchana umwambie wakati wa kuanza kufura. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, ndiyo maana wakulima hupanda aina kama Red Creole na Bombay Red ambazo hutosheka na mchana mfupi. Ukileta mbegu ya kitunguu kilichozoea kiangazi cha Uskoti, ambako jua la Juni hukaa angani zaidi ya saa 17, utavuna majani matupu. Lakini liki iitwayo Musselburgh, aina ya zamani ya huko huko Uskoti, hustawi Njoro bila shida. Haisubiri ishara yoyote ili inenepe, kwa sababu haina kichwa cha kufurisha. Kazi yake ni kuongeza jani juu ya jani.

Chukua liki moja uipasue kwa urefu, kuanzia kwenye mizizi. Chini kabisa utaona kisahani kigumu, chembamba, kisichozidi sana unene wa sarafu. Hicho ndicho shina. Hakuna shina jingine. Sehemu nyeupe tunayokata na kukaanga ni majani matupu: kila jani lina sehemu ya chini iliyojizungusha kama bomba, jani changa hupita ndani ya bomba hilo, na jingine changa zaidi ndani ya hilo, mfano wa leso kadhaa zilizoviringwa pamoja. Majani yote huanzia kwenye kile kisahani, katikati yake kabisa. Ukilielewa hili, karibu kila swali la liki linajijibu.

Unene wa liki ni idadi ya majani na ukubwa wa kila moja. Huo huletwa na chakula, maji, nafasi na muda. Weupe ni jambo lingine kabisa: ni sehemu ya jani ambayo mwanga haukuifikia. Huo huletwa na giza tu. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Wanainua udongo wakidhani liki itanenepa, au wanaongeza mbolea wakitegemea weupe urefuke. Jembe halilishi mmea, na mbolea ya dukani kama CAN haileti giza.

Tuanze na chakula na nafasi, maana huko ndiko Nakuru kwenye shida nyingi. Udongo wa mji huu na viunga vyake ni wa volkano, mwepesi, wenye vumbi na mahali pengine kokoto za mawe yanayoelea majini. Ni mzuri kwa kuchimba na mbaya kwa kushika maji. Mizizi ya liki haiendi mbali. Mingi hukaa katika sentimita 30 za juu, haina matawi mengi, na ikikauka siku chache mmea husimama kukua bila kukuonyesha dalili yoyote. Haunyauki kama sukuma wiki. Unasimama tu, na wewe unaendelea kuhesabu miezi. Kwa hiyo mboji au samadi iliyooza vizuri si pambo: debe moja kwa kila mita moja ya mraba, lichanganywe na udongo kabla ya kupanda, kisha tandazo la nyasi kavu kati ya mistari. Mwezi mmoja baada ya kupandikiza, nyunyiza CAN kidogo, kizibo kimoja cha soda kwa miche mitatu au minne, mbali kidogo na mmea, na umwagilie maji papo hapo. Rudia tena baada ya mwezi mwingine ikiwa majani yamepauka. Mwenye kuku au ng'ombe anaweza kuacha CAN dukani na kutumia maji ya samadi.

Nafasi ni sentimita 15 kati ya mche na mche, na 30 kati ya mstari na mstari. Tuta la mita moja kwa mita tatu litabeba mistari mitatu ya miche 20, yaani liki 60. Familia inayotumia tatu kwa wiki itakula kutoka tuta hilo wiki 20, na hapo ndipo liki inapomshinda kitunguu maji: haiivi yote kwa siku moja. Inakaa ardhini ikikungoja, na kila wiki unayoiacha inanenepa kidogo. Ukitaka nyembamba za supu, punguza nafasi hadi sentimita 10. Si vibaya, ila usije ukalalamika.

Kitalu chake kinahitaji subira kuliko kitalu cha sukuma. Gramu moja ya mbegu za liki ina mbegu mia tatu na zaidi, kwa hiyo pakiti ndogo kabisa inatosha majirani watatu. Zipande kwenye vijistari vilivyoachana kwa sentimita 10, kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi kavu na umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo. Katika hali ya hewa ya Nakuru huchomoza baada ya wiki moja na nusu au mbili. Mche huchomoza ukiwa umejikunja katikati, ncha yake bado imeshikwa ardhini; usiunyooshe kwa kidole, utajinyoosha wenyewe. Nyasi ziondolewe siku miche inapoanza kuonekana, la sivyo itarefuka ikitafuta mwanga na kuanguka.

Halafu ngoja. Wiki nane, pengine kumi. Mche wa liki uko tayari unapofikia unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi. Wengi hupandikiza baada ya wiki nne kwa sababu nyanya na kabeji hufanya hivyo, wakaweka ardhini nyuzi za kijani ambazo jua la siku moja huzimaliza.

Sasa shimo. Hapa ndipo liki inapotofautiana na mboga nyingine zote za bustani, na hapa ndipo weupe unapopatikana kwa bei rahisi. Mwagilia tuta jioni ya jana yake, kwa sababu udongo wa Nakuru ukiwa mkavu shimo hujifukia kabla hujatoa kijiti. Tafuta mti wenye unene wa mpini wa jembe, uchonge ncha butu, utie alama kwa panga sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Ubonyeze wima, uzungushe kidogo, uchomoe. Shimo libaki wazi na kuta zake zikiwa zimesimama. Tumbukiza mche humo hadi mizizi iguse chini. Juu ya ardhi yabaki majani ya urefu wa vidole viwili vitatu tu. Mizizi ikiwa mirefu mno na inajikunja kurudi juu, ipunguze kwa mkasi ibaki sentimita 3. Kuna wanaokata na majani pia, eti mche upoteze maji kidogo. Mimi sioni faida yake: jani ndilo jiko la mmea, na mche ulioota vizuri hauna sababu ya kunyang'anywa.

Ukishatumbukiza, usifukie. Mkono utakuwasha kufanya hivyo, lakini usifukie. Mimina maji ya kikombe ndani ya shimo, polepole. Maji yatashuka na udongo kidogo kutoka kwenye kuta, yafunike mizizi, basi. Sehemu nyingine ya shimo ibaki tupu. Itajijaza yenyewe wiki baada ya wiki, kwa mvua na kwa palizi, na wakati huo liki inapata nafasi ya kupanuka bila kubanwa, ikiwa gizani tangu siku ya kwanza. Ukishindilia udongo kama unavyoshindilia mche wa kabeji, umeifunga liki ikiwa bado nyembamba na sentimita zako 15 za weupe umeziacha zijisukume kwa nguvu.

Shimo likishajaa, na liki ikiwa na unene wa kidole gumba, ndipo unapoanza kuinua udongo kwa jembe dogo kutoka kati ya mistari. Kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili au tatu. Mpaka wake ni pale majani yanapoachana. Ukipita hapo, mchanga huingia katikati ya majani, ukae humo hadi siku ya supu, na wageni wasikie ukitafunika. Hata liki iliyolimwa kwa uangalifu ipasuliwe kwa urefu na kuoshwa ikiwa imefunguka. Mama mboga anayezisugua kwa nje tu anasafisha sehemu isiyo na mchanga.

Mbinu hii ya shimo haifai kila mahali. Ukishuka Kisumu na tambarare za Kano, udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shimo la sentimita 15 humo ni kisima, na mche huoza kabla ya mwezi kuisha. Huko panda juu ya tuta lililoinuliwa, kina cha sentimita 5 tu, kisha ulete giza kutoka nje: zungushia kila liki kipande cha kadibodi au magazeti yaliyokunjwa mara kadhaa, ufunge kwa uzi wa katani, ukiongeza juu kadiri inavyorefuka. Ni kazi ya kuchosha kwa ekari, lakini kwa liki 60 ni shughuli ya jioni moja. Kakamega na Vihiga udongo mwekundu ni mzito wa kina kizuri, shimo linasimama, ila mara nyingi una asidi. Liki hupenda pH ya 6 hadi 7, na chokaa ya kilimo au majivu ya jikoni yaliyotandazwa wiki kadhaa kabla husaidia.

Kisumu ina tatizo jingine ambalo kadibodi haiwezi kulitatua. Liki hustawi kati ya nyuzi joto 13 na 24 hivi. Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari, kwa wastani iko ndani ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Molo, kwenye mita 2,500, ndiyo kwao hasa. Kisumu iko mita 1,100 na kitu, na mchana wake hugonga nyuzi 29 au 30 mara kwa mara. Liki haifi kwa joto hilo, lakini hukua taratibu, hubaki nyembamba na huwa na nyuzinyuzi. Mkazi wa Kisumu anayeitaka afanye hesabu ili ukuaji wake uangukie Juni na Julai, aipe kivuli cha mchana, na aivune ikiwa ndogo. Akitaka nene, anunue sokoni Kibuye. Sioni aibu katika hilo. Mtu wa Molo naye hali embe za shambani kwake.

Kwa Nakuru, hesabu ni kusia mbegu kitaluni Januari mwishoni, ili miche iwe tayari mvua za masika zinaposhika Aprili. Utaanza kung'oa Agosti au Septemba. Mwenye maji ya mfereji anaweza kusia wakati wowote.

Wadudu na magonjwa sitakaa sana, kwa sababu ni yale yale ya kitunguu. Wakati wa kiangazi, vithiripi hujificha penye makutano ya majani na kuacha michirizi ya rangi ya fedha. Maji ya kutosha na kunyunyizia majani kwa nguvu asubuhi hupunguza idadi yao. Sota, yule kiwavi wa ardhini, hukata mche usiku ukaukuta umelala. Chimbua kwa kidole pembeni ya mche ulioanguka, humpati mbali. Mvua ikizidi, kutu ya rangi ya machungwa na madoa ya zambarau hutokea kwenye majani. Ng'oa majani hayo, achanisha miche, na usirudishe liki mahali palipokuwa na kitunguu, saumu au liki kabla ya miaka mitatu kupita. Kwenye ploti ndogo sharti hili ni gumu, najua. Gawa angalau matuta manne na uzungushe.

Turudi kwenye lalamiko la pili, la mbegu, ambalo limezungukwa na ushauri mwingi unaogongana. Mmoja anakuambia liki huzaa kwa mbegu, mwingine anakuonyesha kisiki kwenye glasi ya maji dirishani, wa tatu anasema hung'oa watoto pembeni ya mama kama migomba. Wote wanasema kweli. Wanachosahau kusema ni kwamba kila njia inatoa kitu tofauti.

Liki ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutengeneza majani, halafu hupitia majira ya baridi, na mwaka wa pili hutoa ua. Baridi hiyo si ya kusimulia tu. Mmea ukiwa umekomaa vya kutosha unahitaji wiki kadhaa za baridi kali, nyuzi 5 hadi 10 ndizo zinazofanya kazi vizuri, ili kitovu cha kile kisahani kiache kutoa majani kianze kutoa ua. Baada ya hapo mchana mrefu huharakisha. Huko Ulaya hivyo vyote hupatikana kwa kusubiri tu. Nakuru mjini hatuna baridi ya wiki mfululizo wala mchana mrefu, na Kisumu ndiyo kabisa. Kwa hiyo liki yako isipotoa mbegu haijashindwa. Haijaambiwa kwamba mwaka umepita.

Kwenye vilele vya Mau, ambako usiku huuma, baadhi ya liki zilizoachwa muda mrefu zinaweza kurusha ua. Utalitambua kwa bua gumu linalopanda katikati ya majani, la duara na lisilo na bapa kama jani. Tangu hapo liki hiyo haifai sana jikoni, kwa kuwa bua hilo hupita katikati ya ule weupe na halilainiki hata uchemshe vipi. Ukitaka mbegu kutoka kwake, jua mambo mawili. Liki hupenda kuchavushwa na liki nyingine, na ukikusanya mbegu za mmea mmoja au miwili, kizazi kinachofuata hudhoofika. Watu wa mbegu huacha mimea 20 na zaidi ichanue pamoja. Na kama pakiti iliandikwa F1, watoto hawatafanana na wazazi. Hofu moja unaweza kuitupa: liki haitachanganyika na kitunguu maji kilichochanua tuta la pili. Nyuki wakizunguka kote wapendavyo, hakuna kitakachotungwa.

Kwa wengi wetu, basi, mbegu ni ya kununua. Tazama tarehe ya kufungwa kabla hujalipa, kwa sababu mbegu za jamii ya vitunguu hazizeeki vizuri. Baada ya mwaka mmoja au miwili kwenye joto la nyumba, nyingi zimekufa. Zinazobaki ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaushwa kwenye sufuria na kupoa, mahali penye baridi na giza.

Kisiki cha kwenye glasi hufanya kazi kwa sababu kile kisahani bado kiko hai. Ukikata liki ukaacha sentimita 4 au 5 juu ya mizizi, ukaisimamisha kwenye maji ya kina cha kidole na kuyabadilisha kila siku mbili, katikati yake itachomoza mduara baada ya mduara, siku ya pili au ya tatu tayari unaona. Hamishia kwenye udongo baada ya wiki moja, kwani maji matupu hayana chakula. Utapata nini? Majani ya kijani ya kutosha kukatia supu na mayai, tena na tena. Usitegemee nguzo nene nyeupe, maana umekata majani yote yaliyokuwa yakiitengeneza na mmea unaanza upya kwa akiba ndogo. Kwa anayeishi ghorofani mtaa wa Section 58 hapa Nakuru bila ardhi, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Tena kuna jamii ya liki inayolimwa Misri kwa majani peke yake, hukatwa na kuchipua tena, kwa hiyo si hila ya dirishani tu.

Watoto wa pembeni hutokea kwenye liki iliyoachwa ikazeeka, hasa ikishatoa ua: vichipukizi au vitunguu vidogo vyeupe hujitokeza kwenye ukingo wa kisahani. Vitenganishe kwa kisu, kila kimoja na mizizi yake, uvipande kama miche. Ni mama yule yule amerudi, si kizazi kipya, na ukubwa wao haulingani, kwa hiyo tuta litakuwa na liki za kila kimo.

Njia ya nne haijulikani sana kwetu, nayo ni ya wakulima wa mashindano ya liki kaskazini mashariki mwa Uingereza, watu ambao hufuga liki moja nene kupindukia na hawataki kuipoteza kwa bahati nasibu ya mbegu. Ua likiwa bado changa hunyoa vijiua vyote kwa mkasi, kichwa kibaki kipara. Mmea, ukiwa umenyimwa mbegu, huotesha hapo hapo juu ya kichwa kijani kidogo kama nyasi, na kila unyasi ni mche kamili wenye kisahani chake. Huchomolewa ukiwa na urefu wa sentimita chache, ukapandwa kwenye sanduku la mchanga na mboji hadi ushike mizizi. Aliye Kuresoi, huko juu Mau, na liki iliyorusha ua anaweza kujaribu. Achague mama ambaye majani yake hayana michirizi ya njano, kwa sababu virusi vinavyoleta michirizi hiyo huhama na kila kichipukizi kitokacho kwake, iwe cha kisiki, cha pembeni au cha kichwani, ilhali mbegu haivibebi.